Nyaya Mbili za Nyumba Moja: Historia ya Watoa Huduma Wadogo wa Intaneti Nchini Kanada

Katika somo la uraia tumezoea kuzungumzia katiba, uchaguzi na bajeti ya taifa. Leo ninawaletea, ndugu wanafunzi, jambo linaloonekana dogo kuliko hayo: waya wa intaneti unaoingia katika nyumba ya mtu. Waya huo ni wa nani? Je, aliyeutandaza anaweza kulazimishwa kumpitisha mshindani wake juu yake? Na mwananchi aliyechoshwa na kampuni moja atahamia wapi, ikiwa kila njia ya kumfikia ina mwenyewe? Nchi ya Kanada imehangaika na maswali haya kwa zaidi ya miaka 25, na hadi leo haijamaliza kuyajibu.

Wengi wetu hapa Uganda hatukupata kuishi katika nyumba yenye waya wa simu. Simu ya kwanza ya familia nyingi ilikuwa ya mkononi, na intaneti tuliijua kwa kununua bando. Kwa hiyo yafaa nianze na nyumba yenyewe. Nyumba ya kawaida katika mji wa jimbo la Ontario huwa na nyaya mbili zinazotoka barabarani na kupenya ukutani (msisahau ngeli: waya mmoja, nyaya mbili). Waya wa kwanza ni wa simu, nao ni jozi ya nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja. Waya wa pili ni kebo ya televisheni, mnene kiasi cha kidole cha mtoto, wenye uzi mmoja wa kati uliozungukwa na ala. Kila mmoja una ukoo wake.

Waya wa simu ndio mkubwa kwa umri. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu nchini Marekani mwaka 1876, na kampuni ya Bell Canada ikaundwa mwaka 1880. Kwa muda mrefu kampuni hiyo ilishika ukiritimba wa simu katika sehemu kubwa ya majimbo ya Ontario na Quebec. Neno ukiritimba mtalikuta mara nyingi katika magazeti, na maana yake ni hali ya mtu au kampuni moja kuhodhi biashara bila mshindani. Serikali ilivumilia ukiritimba huo kwa sababu iliyoeleweka: hakuna aliyetaka kuona kampuni tano zikichimba mitaro mitano katika barabara moja. Badala yake, kampuni iliruhusiwa kuwa peke yake, na bei zake zikasimamiwa na chombo cha umma. Simu za masafa marefu zilifunguliwa kwa ushindani mwaka 1992, na simu za ndani ya mji zikafuata mwaka 1997.

Kebo ilizaliwa kwa kiu ya kutazama. Mnamo mwaka 1952, kabla Shirika la Utangazaji la Kanada halijaanza matangazo ya televisheni mwezi Septemba mwaka huohuo, vituo vya Marekani vilikuwa vikirusha picha ng'ambo ya Ziwa Erie. Katika mji wa London, Ontario, Edwin Jarmain alisimamisha antena ndefu, akanasa matangazo hayo, akayagawa kwa majirani kupitia waya. Kutoka kwenye vijiwaya vya namna hiyo zikakua kampuni kubwa za kebo kama Rogers, ambayo jina lake tutalikuta tena. Kwa takriban miaka 40 waya wa simu ulibeba sauti, kebo ikabeba picha, na wenye nyaya hizo hawakuwa na sababu ya kugombana.

Intaneti ndiyo iliyowagombanisha. Sauti ya binadamu katika simu huhitaji masafa machache tu, yasiyozidi kilohezi 4 hivi, ilhali uzi wa shaba unaweza kubeba masafa ya juu zaidi ya hapo. Nafasi hiyo iliyokaa bure ndiyo iliyotumiwa na teknolojia inayoitwa DSL. Mhandisi Joseph Lechleider wa maabara ya Bellcore, nchini Marekani, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba waya ungefanya kazi vizuri zaidi ikiwa data zinazokwenda kwa mteja zitapewa nafasi pana na zile zinazotoka kwake zipewe nafasi ndogo. Hapo mwanzo nia ya kampuni za simu haikuwa intaneti hata kidogo. Zilitaka kupeleka filamu majumbani ili zinyang'anye soko la kebo.

DSL ina ugonjwa mmoja ambao hauna dawa, nao ni umbali. Kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu ndivyo mawimbi yanavyofifia ndani ya shaba, na kwenye kilomita 5 hivi huduma hulegea au hukosekana kabisa. Majirani wawili wanaolipa bei moja waweza kupata kasi tofauti, kwa sababu tu waya wa mmoja huzunguka mtaa mzima kabla ya kufika kwake.

Kebo haina ugonjwa huo, ila ina wake. Rogers ilianza kuuza intaneti ya kebo katika mji wa Newmarket, Ontario, mwaka 1995, na mwaka 1997 viwanda vikapata kanuni ya pamoja iitwayo DOCSIS, iliyowezesha modemu za watengenezaji mbalimbali kuelewana na mtandao wowote wa kebo. Kasi yake ilizidi ile ya DSL. Lakini kebo ni kama bomba moja la maji la mtaa: nyumba nyingi hugawana sehemu ileile ya waya, na jioni watu wanaporudi kazini wote wakafungua mfereji kwa pamoja, kila mmoja huona maji yakipungua.

Hadi hapo tuna milango miwili na mabawabu wawili. Je, mfanyabiashara mdogo asiye na waya angeingia vipi? Kanada inayo Tume ya Redio, Televisheni na Mawasiliano, inayojulikana kwa kifupi cha Kiingereza CRTC. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tume hiyo iliamua kwamba wenye nyaya lazima wawauzie wengine nafasi kwa bei ya jumla, ili hao nao wawauzie wananchi kwa rejareja. Kampuni za kebo zilipokawia kuandaa mitambo ya kuwapitisha washindani, tume iliziagiza mwezi Septemba 1999 ziwauzie huduma zao kwa punguzo la asilimia 25 hadi mitambo hiyo iwe tayari. Mimi naliona agizo hilo kuwa la busara sana, kwa sababu anayejua kwamba kuchelewa kutamgharimu hachelewi kwa raha.

Miongoni mwa waliopita katika mlango huo ni kampuni ya TekSavvy, iliyoanzishwa mwaka 1998 katika mji mdogo wa Chatham, kusini-magharibi mwa Ontario. Kampuni ya namna hii hutafuta wateja, hupokea simu zao, hununua uwezo wa kuunganishwa na intaneti ya dunia, na hukodi waya wa mwisho kutoka kwa kampuni kubwa ambayo yenyewe inamtaka mteja yuleyule. Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini, na hapa huyo ndugu alikuwa mshindani pia.

Ubaya wa utegemezi huo ulidhihirika mwezi Machi 2008. Bell ilikuwa imeanza kubana kasi ya wateja wake waliobadilishana mafaili makubwa saa za jioni. Mwezi huo ikawabana hata wateja wa kampuni ndogo zilizokodi nyaya zake, watu ambao hawakuwa na mkataba wowote na Bell. Chama cha watoa huduma wa intaneti kikalalamika mbele ya tume. Mwezi Novemba mwaka huohuo tume ilikataa lalamiko, kwa hoja kwamba Bell haikuwabagua: iliwabana wateja wake na wa wenzake kwa kipimo kimoja. Hoja hiyo ni sahihi kwa hesabu na pungufu kwa haki. Mteja aliyeikimbia Bell kwa sababu ya kubanwa alikuta mkono uleule ukimngoja kule alikokimbilia. Sheria ya kutokubagua ilikuwa imefuatwa, na uhuru wa kuchagua ukawa umetoweka.

Mgogoro mkubwa zaidi ulizuka mwaka 2011, na huu ningependa mwanafunzi wa uraia ausome kwa makini. Tarehe 25 Januari tume iliiruhusu Bell kuwatoza watoa huduma wadogo kwa kadiri wateja wao walivyotumia data, kwa punguzo la asilimia 15 tu kutoka katika viwango vya Bell yenyewe. Athari yake ilikuwa nyepesi kuieleza. TekSavvy iliwaarifu wateja wake wa DSL wa Ontario kwamba kuanzia Machi Mosi kiwango chao kingeshuka kutoka gigabaiti 200 kwa mwezi hadi 25. Kumbukeni kwamba Netflix ilikuwa imeingia Kanada miezi michache tu kabla, Septemba 2010. Familia iliyotazama filamu kila jioni ingemaliza gigabaiti 25 kabla mwezi haujafika nusu. Aidha, Bell ilikuwa ikiuza televisheni ya setilaiti, na wakati huo ilikuwa katika harakati za kuununua mtandao wa televisheni wa CTV. Aliyemiliki barabara alikuwa pia na duka mwisho wa barabara.

Mwenyekiti wa tume, Konrad von Finckenstein, aliutetea uamuzi huo kwa kusema kwamba si haki mtumiaji wa kawaida kumlipia anayetumia kupita kiasi. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Hata hivyo ilikwepa jambo moja. Gharama kubwa ya mtandao hutokana na msongamano wa saa za jioni, si na jumla ya data za mwezi. Anayepakua faili saa tisa usiku, barabara ikiwa tupu, hamsumbui mtu, lakini kipimo cha gigabaiti kilimhesabu sawa na anayepakua saa mbili za jioni.

Wananchi hawakukaa kimya. Shirika la kiraia la OpenMedia liliendesha ombi la mtandaoni lililotiwa saini na karibu watu nusu milioni, idadi kubwa kwa nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 34. Waziri wa Viwanda, Tony Clement, alitangaza kwamba serikali ingeutengua uamuzi huo ikiwa tume yenyewe haingeuondoa. Mwanzoni mwa Februari mwenyekiti aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, na tume ikakubali kuusimamisha na kuupitia upya. Tarehe 15 Novemba 2011 ulitoka uamuzi mpya: wenye nyaya wangeweza kutoza kiwango kimoja kisichobadilika, au kutoza kwa uwezo ambao mtoa huduma mdogo ameukodi ili umtoshe katika saa za msongamano. Kuhesabu gigabaiti za mteja wa mtu mwingine kukakoma.

Tangu hapo kasi ya jioni ikategemea kwa sehemu kubwa ujasiri wa kampuni ndogo. Ilibidi ikisie wateja wake watatumia kiasi gani kwa pamoja, kisha inunue uwezo kwa mafungu ya megabiti 100 kwa sekunde. Ikinunua kidogo, wateja hulalamika. Ikinunua kingi, fedha inapotea. Kwa hiyo mteja akiona filamu inakwamakwama saa mbili za usiku, kosa laweza kuwa la kebo ya mtaa, au la mtoa huduma aliyebana matumizi. Kulitambua lililo kweli si rahisi kwa mtu wa kawaida.

Ni katika mazingira hayo familia nyingi zilihama kutoka DSL kwenda kebo kupitia kampuni ndogo. Sababu moja ilikuwa kasi. Nyingine ilikuwa ada ambayo wengi waliichukia: aliyetaka DSL bila huduma ya simu alilipia kila mwezi waya wenyewe, ambao haukuwa na sauti wala namba ya kupigiwa. Kebo haikuhitaji waya wa simu, hivyo ada hiyo ikafutika.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliyeolewa huko Ontario alihama kwa njia hiyo. Yeye na mumewe huzungumza na wazazi kwa picha kila Jumapili, na waya wao wa DSL ulikuwa ukizikata nyuso katikati ya maneno. Aliniandikia kwa mshangao: "Mwalimu, kampuni niliyohamia ni ndogo, lakini fundi aliyekuja kuniunganishia amevaa sare ya kampuni kubwa. Sasa nimehama au sijahama?"

Swali lake lina jibu la kisheria na jibu la kweli. Kisheria amehama: mkataba, ankara na namba ya malalamiko ni vya kampuni mpya. Lakini kebo ya ukutani ni ya kampuni kubwa, na fundi anayeruhusiwa kuigusa ni wa kampuni kubwa. Waya ukikatika, mteja humpigia mtoa huduma wake, naye huandika ombi kwa mwenye waya, kisha wote wawili hungoja. Hata modemu haikuwa ya kuchagua ovyo, kwani ilibidi iwe katika orodha iliyoidhinishwa na mwenye kebo. Nilimjibu kwamba amehama nyumba akabaki na mwenye kiwanja yuleyule. Jambo moja alilifanya vyema: hakuikata DSL kabla kebo haijawaka, maana siku aliyoahidiwa fundi haikuwa siku aliyokuja fundi.

Nchini Marekani mlango kama huo ulikuwa umefungwa mapema. Katika kesi ya Brand X ya mwaka 2005, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali, kwa kura 6 dhidi ya 3, uamuzi wa mdhibiti kwamba kampuni za kebo hazilazimiki kuwapitisha washindani, na mwaka huohuo mdhibiti akaziondolea kampuni za simu wajibu wa kuwafungulia wengine huduma zao za DSL. Mmarekani asiyeitaka kampuni ya simu wala ya kebo hakubaki na njia nyingi.

Kanada iliendelea kuuacha wazi, lakini bei ya kuingilia ndiyo ikawa uwanja wa vita. Mwezi Desemba 2016 tume ilitangaza kuwa intaneti ya kasi ni huduma ya msingi kwa kila Mkanada, ikaweka lengo la megabiti 50 kwa sekunde za kupakua na 10 za kupakia. Miezi miwili kabla ya hapo ilikuwa imeshusha kwa muda bei za jumla. Tarehe 15 Agosti 2019 ikazishusha zaidi, tena ikaamuru wenye nyaya warudishe fedha walizotoza kupita kiasi. Kampuni kubwa zilikwenda mahakamani, zikashindwa katika Mahakama ya Rufani ya Shirikisho, na Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza shauri lao. Lakini zilikuwa zimebisha pia mlango wa tume yenyewe, na tarehe 27 Mei 2021 tume iliufuta uamuzi wake wa 2019 na kuzirudisha bei za muda za mwaka 2016. Kampuni ndogo zilizokuwa zimewapunguzia wateja bei kwa kutegemea agizo la tume zikajikuta juu ya tawi lililokatwa. TekSavvy ilikata rufaa kwa Baraza la Mawaziri, na mwaka uliofuata ikakataliwa.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Mwaka 2022 Bell iliinunua EBOX, kisha Distributel, mmoja wa watoa huduma huru wakubwa. VMedia ikachukuliwa na Quebecor mwaka huohuo, na mwaka 2023 kampuni ya kebo ya Cogeco ikainunua oxio. Majina mengi yalibaki kwenye ankara, yakiwa na mwenyewe mpya. Mtu aliyeikimbia kampuni kubwa akajiunga na ndogo aliweza kuamka asubuhi moja na kukuta amerudi alikotoka bila kuinuka kitini.

Wakati huohuo nyaya zote mbili zinazeeka. Shaba inang'olewa, na mahali pake panatandazwa faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba mwanga, usiojali kilomita 5 wala 10. Kampuni ndogo ziliachwa kwenye kebo na shaba huku wateja wakivutwa na faiba ya wakubwa. Mwezi Novemba 2023 tume iliziagiza Bell na Telus zifungue faiba zao za majumbani kwa washindani katika Ontario na Quebec, na mwezi Agosti 2024 ikalipanua agizo hilo kwa nchi nzima, lianze kutumika Februari 2025. Faiba itakayojengwa baada ya uamuzi huo, hata hivyo, haitafunguliwa kwa washindani hadi Agosti 2029.